Embe linaloanguka lina nishati ipi: tuli au mwendo?

Mzazi wa Darasa la Sita aliuliza:

Habari zenu wanajamvi, na walimu wote mliomo humu shikamooni. Naomba ufafanuzi wa jambo ambalo limetushughulisha nyumbani kwa siku tatu sasa. Binti yangu yuko darasa la sita, na katika jaribio la Sayansi na Teknolojia waliulizwa hivi: embe limechomoka tawini na limefika katikati ya tawi na ardhi, je, lina nishati gani? Yeye alijibu kwamba lina nishati tuli na nishati mwendo kwa pamoja. Jibu lilikoseshwa, na pembeni pakaandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba kitu kinachotembea hakiwezi kuwa tuli.

Nilipofungua daftari lake nilikuta wameandikishwa kuwa nishati tuli ni nishati iliyomo katika kitu kilichotulia. Mtoto akanihoji: "Baba, kama ni hivyo, mbona lile jiwe lililolala uani halifanyi chochote, na embe lililotulia juu ya mti likianguka linapasuka?" Nilikosa la kumjibu. Mimi niliishia kidato cha nne miaka mingi iliyopita, na nilichobaki nacho ni kanuni mbili tatu zisizo na maelezo.

Siombi tu kuambiwa nani yuko sahihi. Naomba maelezo ambayo mtoto wa miaka kumi na miwili atayaelewa, kwa sababu tangu siku ile anaogopa kuandika jibu ambalo halimo neno kwa neno katika daftari, na hilo linaniuma kuliko alama yenyewe.

Mwalimu mstaafu wa fizikia alijibu:

Marahaba, mzazi mwenzangu. Binti yako yuko sahihi, na swali lake kuhusu jiwe la uani ni zuri kuliko swali la jaribio.

Tulipime embe lenyewe. Tuseme lina gramu 400, yaani kilogramu 0.4, na tawi liko mita 5 kutoka ardhini. Nishati tuli itokanayo na kimo hupatikana kwa kuzidisha tungamo, nguvu ya uvutano kwa kila kilogramu (shuleni tunatumia 10) na kimo. Kwa hiyo 0.4 mara 10 mara 5 ni jouli 20 (jouli ni kipimo cha nishati). Likiwa tawini, embe lina jouli 20 za nishati tuli na halina nishati mwendo hata chembe. Likishuka hadi mita 2.5, kimo kimebaki nusu, kwa hiyo nishati tuli ni jouli 10. Zile 10 nyingine hazikupotea, bali zimegeuka kuwa mwendo: wakati huo embe linashuka kwa kasi ya takriban mita 7 kwa sekunde, na ukichukua nusu ya tungamo ukazidisha kwa kasi mara kasi, unapata jouli 10 zilezile. Linapokaribia kugusa ardhi, jouli zote 20 zimo katika mwendo na kasi imefika mita 10 kwa sekunde. Upinzani wa hewa nimeuacha, kwa kuwa kwa embe zito na kimo kifupi ni mdogo. Basi katikati ya safari, embe lina nishati zote mbili, tena kwa kiasi sawasawa.

Kuhusu jiwe la uani, mwambie kwamba kutulia hakukipi kitu nishati. Jiwe lile liko chini tayari, halina pa kuangukia. Chimba kisima kando yake, na jiwe lilelile, bila kuguswa wala kuinuliwa, litakuwa na nishati tuli ukilinganisha na sakafu ya kisima. Kimo hupimwa kila mara kutoka mahali fulani, na sharti tutaje ni wapi.

Kama mnapata udongo wa mfinyanzi, fanyeni jaribio la zamani sana. Katika karne ya 18 Mholanzi Willem 's Gravesande alidondosha tufe za shaba juu ya udongo laini na kupima mashimo yaliyotokea, na mwanamke wa Kifaransa, Émilie du Châtelet, akalieleza jaribio hilo katika kitabu chake cha mwaka 1740 wakati wataalamu wengi wakiendelea kubishana kama nguvu ya kitu kinachokwenda hufuata kasi tu au kasi mara kasi. Kitu kinachogonga udongo kwa kasi maradufu hakichimbi shimo maradufu, kinachimba mara nne. Ili kupata kasi maradufu, kidondosheni kutoka kimo mara nne.

Mwalimu wa shule ya msingi, Singida, alijibu:

Nakubaliana na mwalimu wangu hapo juu, na naomba kuongeza jambo kuhusu neno lenyewe, kwa sababu ninafundisha mada hii kila mwaka na ninaona mahali wanafunzi wanapojikwaa.

Shida iko katika neno "tuli". Kwa Kiswahili cha kila siku, tuli ni kutulia, yaani kutokutikisika, hivyo mtoto akisikia nishati tuli anaielewa kuwa nishati ya kitu kisichotembea, na sisi walimu wakati mwingine tunaandika fasili hiyohiyo ubaoni bila kuipima. Mwaka 1853 William Rankine, mhandisi wa Uskoti, alipoigawa nishati katika makundi mawili, hakuangalia kama kitu kimesimama au kinakwenda. Alitenganisha nishati iliyo dhahiri katika tendo na nishati iliyo bado katika uwezekano. Kilichotulia ni ile nishati, imehifadhiwa ikisubiri kutumika, wala si lazima kitu chenyewe kiwe kimetulia. Mimi darasani huwaambia wanafunzi waisome kama "nishati ya mahali au ya hali", na tangu nianze kufanya hivyo maswali ya aina ya embe hayawasumbui tena.

Nasema "ya hali" kwa sababu kimo si chanzo pekee. Chukua manati. Mtoto anapovuta mpira hadi sikioni, jiwe halijapanda wala kushuka, lakini vidole vyake vinahisi kabisa kwamba kuna kitu kimefungiwa ndani ya ule mpira. Akiachia, mpira unarudi katika urefu wake na jiwe linaondoka na nishati iliyokuwa mpirani. Nikitaka darasa zima lielewe, naleta kinu na mchi. Mchi ukiinuliwa, mkono umetoa nishati na mchi umeipokea kwa kupanda. Ukishuka, mahindi yanaipata. Kila mtoto aliyewahi kutwanga anajua kuwa kuinua mchi kidogo tu hakukoboi kitu.

Ndugu mzazi, naomba pia umwone mwalimu wa binti yako, ila nenda peke yako, baada ya vipindi, na umpelekee hesabu ya zile jouli 10 na 10. Usimpeleke mtoto akasimame katikati yenu. Wengi wetu tuna wanafunzi zaidi ya themanini kwa darasa na tunasahihisha kwa haraka usiku. Mwalimu akionyeshwa kwa staha, hurekebisha.

Fundi mitambo wa umeme wa maji alijibu:

Hoja ya "kimo kutoka wapi" iliyotolewa na mwalimu mstaafu ndiyo inayoendesha kazi yetu. Maji ya Mto Ruaha Mkuu yanakusanywa katika bwawa la Mtera, ambako mitambo inaweza kufua megawati 80. Yakishapita kwenye turbini pale, mtu anaweza kudhani yamekwisha kazi, kwa maana yamefika chini. Lakini ni chini ya Mtera tu. Kwa Kidatu, kituo kingine kilicho mbele zaidi kwenye mto huohuo, bado yako juu, na yakifika huko yanaangushwa tena kwenye mitambo ya megawati 204. Maji yaleyale, nishati tuli inatumika mara mbili, kwa sababu kila kituo kina "chini" yake.

Mpe binti hesabu hii pia, maana anaona mita ya LUKU kila siku. Uniti moja ya umeme ni jouli 3,600,000. Lita moja ya maji ni kilogramu moja, na ikishuka mita 100 inatoa jouli 1,000. Ili kupata uniti moja, hata kama hakuna kinachopotea njiani, lazima lita 3,600 za maji zishuke mita 100. Hizo ni ndoo kubwa 180 za lita ishirini kwa uniti moja tu.

Mzazi wa Darasa la Sita alirudi:

Nawashukuru sana walimu wangu na ndugu fundi. Jana jioni tulifanya jaribio la udongo. Hatukuwa na tufe la shaba, tukaazima jiwe la mizani la nusu kilo kwa jirani mwenye duka. Kutoka sentimita 25 lilichimba shimo la milimita 5, na kutoka mita 1 likachimba milimita 17. Binti alitarajia 20 na akasikitika kidogo, ila aliniambia mwenyewe kwamba huenda udongo haukuwa laini sawasawa. Kwa mwalimu wake nitakwenda kesho baada ya vipindi, peke yangu.

Amebaki na swali moja ambalo ameniagiza niliandike kama alivyolisema: embe likishafika chini limesimama, na halina tena kimo. Zile jouli 20 zimekwenda wapi?

Mwalimu mstaafu wa fizikia alijibu:

Mwambie milimita 17 ni matokeo mema kabisa, na sababu aliyoitaja ni ya kweli. Kila shimo lichimbwe mahali papya katika udongo uliokandwa upya, kisha arudie mara tano na kuchukua wastani.

Kuhusu swali lake, sehemu ndogo ya zile jouli ilitoka kama ule mshindo mnaousikia, nyingine ilitumika kupasua embe na kusukuma udongo pembeni, na karibu yote mwishowe imekuwa joto ndani ya embe na ardhini. Katika miaka ya 1840, James Joule, ambaye jina lake ndilo kipimo tunachotumia hapa, aliteremsha vizito vilivyozungusha makasia ndani ya maji na kuonyesha kuwa maji yanapata joto kwa kadiri ya nishati iliyoingizwa. Kupandisha joto la gramu moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji takriban jouli 4.2. Kwa hiyo embe lake, kwa jouli zote 20, lingeweza kupasha maji ya kijiko kimoja cha chai kwa karibu nyuzi 1, na ndiyo sababu akiligusa pale chini hawezi kuhisi lolote.