Nyumba za ibada na wanasiasa: mpaka uwekwe wapi?

Mdadisi_Huru:
Kiongozi wa dini akikemea rushwa, anaambiwa anafanya siasa. Akimwekea mgombea mikono na kumwombea ushindi, wale wale wanasema hiyo ni ibada tu. Mpaka hasa uko wapi? Na kamati ya msikiti au kanisa iandike kanuni gani kabla kampeni hazijaanza? Naomba yanayotekelezeka, maana "tusichanganye dini na siasa" tumeisikia mno.

Shubaka:
Sheria nyingi haziizibi dini mdomo. Ibara ya 20 ya Katiba ya Tanzania inanyima usajili chama chenye lengo la kukuza maslahi ya imani au kundi la dini, na Ibara ya 91 ya Katiba ya Kenya inakataza chama kuanzishwa kwa misingi ya dini. India imebana zaidi. Sheria ya Uwakilishi wa Wananchi ya 1951, kifungu cha 123(3), inahesabu kuomba kura kwa kigezo cha dini kuwa hila chafu ya uchaguzi, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 4 kwa 3, kwamba katazo hilo linagusa hata dini ya mpiga kura. Lakini katika vifungu hivyo hakuna kinachoiona bahasha ya sadaka.

Katibu_Kamati:
Bahasha ndiyo kiini. Jengo limekwama kwenye paa, mgombea anafika na fedha taslimu, anapewa kipaza sauti "awasalimie waumini". Kuanzia hapo nani atamkosoa?

Andikeni hivi: mchango wa mwanasiasa uingie kwenye akaunti ya taasisi, utolewe stakabadhi, usitangazwe ibadani. Kipindi cha kampeni msiupokee kabisa. Mgombea akija kuswali au kusali, akae na wengine. Salamu zikatolewe nje baada ya ibada. Mkiandaa mdahalo, waalikwe wagombea wote, maswali yale yale, dakika zile zile.

Halafu jambo linalosahaulika: orodha ya waumini na namba zao za simu. Msimpe mtu, wala msiruhusu makundi ya mtandaoni ya jumuiya kubeba mabango ya kampeni. Kipaza sauti kinasikika siku moja. Orodha inatumika hadi siku ya kura.

Mwanazuoni_Mkaidi:
Nakubali, ila angalieni kanuni hiyo isije ikageuzwa kufuli. Afrika Kusini, Kanisa la Kiholanzi la Reformed, la Kiprotestanti, liliupa ubaguzi wa rangi uhalali wa kiteolojia, na halikuonekana linafanya siasa. Waliouita dhambi ndio walioitwa wanasiasa. Mwaka 1982, mkutano wa makanisa ya Reformed huko Ottawa ulitamka kwamba kuutetea ubaguzi huo kiteolojia ni uzushi. Kwa hiyo kanuni ikataze kumpigia debe mtu au chama, isikataze kukemea tendo. Kipimo changu: je, maneno yale yale yangesemwa kama tendo lingefanywa na chama kingine? Kama hapana, huyo ni mpiga debe aliyevaa joho.

Mdadisi_Huru:
Na kiongozi wa dini anayegombea mwenyewe?

Katibu_Kamati:
Kanisa Katoliki limeshafunga mlango: kanuni ya 285 ya sheria zake inawakataza makasisi nyadhifa zenye mamlaka ya kiserikali. Kwingine, aache kuhubiri siku anapochukua fomu, asisubiri kuteuliwa. Mahubiri hugeuka kampeni kati ya tarehe hizo mbili.