Vitz ya cc 990: pistoni tatu au nne?

Mtoto wa Chikongola
Wakuu, habari za jioni. Hela ya korosho imeingia, nimeonyeshwa Toyota Vitz hapa Mtwara mjini. Dalali anasema ni cc 990, pistoni nne, "Starlet ile ile imebadilishwa jina tu". Jirani yangu naye ana Vitz cc 990, fundi wake anaapa ina pistoni tatu. Nani mkweli? Na itapanda Newala na watu wanne?

Spea Masasi
Mdogo wangu, kwenye pistoni wote wanaweza kuwa wakweli. Mimi nauza spea. Mtu anatuma bodaboda, "nipe plagi za Vitz". Nikiuliza Vitz ipi, ananuna.

Chukua kadi ya gari, soma namba ya chesisi. Ikianza na SCP10 ni Vitz ya kwanza, iliyotoka Japani Januari 1999: injini 1SZ, pistoni nne, cc 997. Ikianza na KSP90 ni toleo la pili, la 2005: injini 1KR, pistoni tatu, cc 996. Mtaani zote tunaziita cc 990, fujo inaanzia hapo. Hiyo 1KR ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, inatetemeka kidogo. Watu wanadhani plagi imekufa, wanabadilisha zote, na bado inatetemeka. Ndivyo ilivyoumbwa.

Ya Starlet kakupiga kamba. Starlet ilianza 1973 ikakoma 1999, Vitz ikarithi nafasi yake, siyo mwili wake. Starlet za mwisho zina mkanda wa taimingi, Vitz ina cheni. Umbo alilichora Mgiriki, Sotiris Kovos, na Ulaya ikauzwa kwa jina la Yaris, ikawa Gari la Mwaka la huko mwaka 2000. Wajapani waling'ang'ania Vitz mpaka 2020, nao wakahamia Yaris.

Kwa Newala mimi ningetafuta NCP10, ya cc 1300.

Mama Kitangari
Mwanangu, ninayo KSP90. Inapanda, ila zima AC kabla hujaanza mlima, na usiwe na haraka. Kagua shokapu na bushi kabla hujatoa hela. Barabara zetu zinazimaliza, na gari lenyewe liko chini.

Mtoto wa Chikongola
Asanteni. Kadi inasema KSP90. Nimemrudia dalali, eti pistoni ya nne iko kwa ndani, haionekani.

Spea Masasi
Mwambie aitoe, nitainunua mimi.