Mkonga wa 1991: pedeli laini hata baada ya kutoa upepo mara tatu

Mvuvi wa Nchi Kavu:
Wakuu habari za jioni. Nina mkonga, yaani Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1991, breki za mbele diski, nyuma drami. Kalipa moja ya mbele (ile inayobana diski) ilianza kuvuja, nikaipeleka gereji moja huku Temeke. Fundi akashusha kalipa zote mbili, akabadilisha sili, akarudisha. Tangu siku hiyo pedeli ni kama unakanyaga godoro. Nikipampu mara tatu inapanda na kuwa ngumu, nikiiachia kidogo inarudi kulekule.

Jumatatu nilikuwa nateremka kuingia pantoni pale Magogoni, mbele yangu bajaji imebeba ndoo za samaki. Nakanyaga, pedeli hiyoo chini. Pampu, pampu, pampu, ikashika ikiwa imebaki nafasi ya kiganja. Dereva wa bajaji wala hakujua kitu, yuko bize na simu. Mimi shati lote limeloa.

Upepo kwenye mabomba ya breki tumetoa mara tatu, chupa nne za fluidi ya breki za nusu lita zimekwisha. Fundi sasa anasema masta (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) imekufa, ninunue nyingine. Kabla sijaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani kutoboa mfuko, nauliza: kweli ni masta? Nawasilisha.

Tabata Kwetu:
Masta hiyo mkuu. Yangu ilikuwa hivyohivyo, nikabadilisha, kwisha habari.

Dogo wa Lifti:
Fluidi za siku hizi nyingi ni maji tu. Mimi natia haidroliki ya pawa stelingi, pedeli imekaza vizuri, mwezi wa pili huu.

Mzee wa Spana:
Dogo wa Lifti, paki hilo gari leo. Mafuta ya pawa stelingi yanavimbisha sili za breki. Kukaza unakokusifia ndiyo raba zinavimba. Siku si nyingi breki zitang'ang'ania, rimu itakuwa ya moto huwezi hata kuigusa. Hapo hakuna kusafisha, ni kubadilisha kila chenye raba kuanzia masta mpaka magurudumu.

Sasa wewe mwenye mkonga. Usinunue kitu bado. Washa gari, pampu mpaka pedeli ipande, halafu ikandamize hapohapo uhesabu mpaka thelathini. Ikizama polepole chini ya mguu na hakuna panapovuja, sili za masta zimechoka. Ikisimama imara, masta mwachie mwenye duka.

La pili: chuchumaa utazame kalipa za mbele. Niple ya kutolea upepo iko juu au chini? Kalipa za gari hizi zina kulia na kushoto. Ukizibadilishana zinafunga vizuri tu, ila niple inaangalia ardhi. Na upepo haushuki, unapanda. Utapampu mpaka Idi, fluidi itatoka safi kabisa, na povu limekaa juu linakucheka. Hili nimeliona tangu zamani, na waliofanya si wanafunzi peke yao. (Mmoja wao ni mimi.)

Mvuvi wa Nchi Kavu:
Mzee shikamoo. Nimehesabu mpaka thelathini, pedeli haikutikisika. Nikaingia chini na tochi. Niple zote mbili ziko chini! Tena kile kibomba cha chuma kinachoingia kwenye kalipa kimekunjwa kwa plaizi ili kifike, rangi imebanduka pale kilipobanwa. Wiki mbili naoga pembeni ya hiyo gari sikuona.

Mzee wa Spana:
Marahaba. Hicho kibomba kilichokunjwa kisirudi, kata kingine. Badilishaneni kalipa, kisha toeni upepo mkianza na gurudumu lililo mbali na masta: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kuna valvu kwenye chesisi nyuma, ina chuma kinachoshuka mpaka kwenye difu. Hiyo ndiyo inayopima mzigo. Ukipiga jeki kwenye chesisi difu likaning'inia, valvu inadhani gari ni tupu, inabana njia ya breki za nyuma. Kwa hiyo gari likanyage chini kwa matairi. Na valvu yenyewe ikiwa na niple yake, itoeni upepo pia.

Mpira mwembamba unaoonyesha ndani uvikwe kwenye niple, mdomo wake wa pili uzame kwenye fluidi ndani ya chupa. Mmoja akandamize ashikilie, wa chini afungue niple, aifunge, ndipo pedeli iachiwe. Neno "achia" liwe la mtu wa chini peke yake. Jagi ya fluidi iliyo juu ya masta isikauke hata mara moja, mtaanza upya.

Fluidi DOT 3 au DOT 4, DOT 5 hapana. Nunua chupa ambayo haijafunguliwa. Inanyonya unyevu, na hewa yetu hii ya pwani unaijua: DOT 3 kavu inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 140.

Mvuvi wa Nchi Kavu:
Mrejesho wa Jumamosi. Kalipa zimehamishwa, vibomba vipya viwili. Mbele kushoto ilitoa povu kama soda iliyotikiswa, mwanangu kule juu akapiga kelele "Baba imekuwa ngumu!" kabla hata sijafunga niple. Chupa moja na nusu tu.

Fundi nimempigia, akasema "aah, basi zilichanganyika mezani", akaniuliza kama masta bado naitaka maana alishaiagiza.

Tabata Kwetu:
Mzee, na mimi kesho naenda kuchuchumaa kwangu. Ile masta yangu ya zamani bado ninayo.