Wauza laptopu za mtumba, hiyo "Windows 11 tayari" mnayotuuzia ni magumashi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira, kwa hiyo mods naomba msiuunganishe na ule wa "laptopu ipi nzuri kwa mwanachuo".

Fungua ukurasa wowote wa matangazo, uwe wa Kariakoo au wa Luthuli kule Nairobi, utakuta tangazo lile lile: "HP EliteBook, Core i5, RAM 8GB, SSD 256GB, Windows 11 tayari, kutoka Uingereza, haina mkwaruzo." Uliza hiyo Core i5 (prosesa ya Intel) ni ya kizazi gani, yaani ya awamu ipi ya kutengenezwa. Kimya, au unajibiwa "mkuu hii mashine ya ofisi, inapiga kazi". Ukikomaa unatumiwa picha ya kioo kinachoonyesha lile ua la bluu la Windows 11, kana kwamba ua lile ni cheti.

Ua lile linapachikwa kwenye karibu mashine yoyote kwa flashi ya GB 8. Fundi anachukua ISO (faili la kupigia Windows) ya Windows 11, anaiweka kwenye flashi kwa programu ya Rufus, na Rufus yenyewe inamuuliza kama aondoe masharti ya TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (kinga wakati mashine inawaka) na RAM ya GB 4. Anaweka tiki, anapiga Windows, anafuta kioo kwa spiriti, anapandisha bei. Mashine yenyewe ni EliteBook 840 G3 yenye i5-6300U, prosesa ya kizazi cha 6 ya mwaka 2015 ambayo haijawahi kuwemo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8 kwa Intel na Ryzen 2000 kwa AMD. Za kizazi cha 7 zilizopenya ni chache mno.

"Si inafanya kazi?" Inafanya, na ndiyo maana mnapigwa bila kujua. Windows 11 inatoka toleo jipya kila mwaka, na kila toleo la Home na Pro linapewa viraka vya usalama kwa miezi 24, basi. Toleo linaloitwa 22H2 lilifungwa tarehe 8 Oktoba 2024. 23H2 ikafungwa 11 Novemba 2025. 24H2 nayo mwisho wake ni 13 Oktoba 2026. Mashine inayokubalika, Windows Update inaivusha yenyewe kwenda toleo linalofuata. Iliyopitishwa mlango wa uani haivushwi. Itapokea viraka vya kila mwezi vya toleo lile lile ililopigiwa, na siku toleo hilo likifungwa, inabaki hapo hapo. Mafundi wengi nao bado wanatembea na flashi ile ile ya siku zote, kwa sababu ISO mpya inazidi GB 5 na bando ni hela.

Kwa hiyo kuna watu wamenunua "Windows 11" ambayo haijapata kiraka tangu Novemba 2025, wakati jirani yake mwenye Windows 10 iliyosajiliwa ESU (mpango wa Microsoft wa viraka vya nyongeza) anapokea viraka hadi 13 Oktoba 2026. Aliyelipa zaidi ndiye aliyeachwa uchi. Kuthibitisha ni rahisi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, piga Enter. Ukiona 23H2 au 22H2, mwambie muuzaji airudishe kabatini au ashushe bei.

Microsoft nao nawawekea fungu lao la lawama. Windows 10 ilitoka Julai 2015 na kufungwa 14 Oktoba 2025, miaka kumi, hapo sina neno. Neno langu liko kwenye mstari walioupiga kati ya kizazi cha 7 na cha 8. Laptopu nyingi za ofisi za kizazi cha 6 zina TPM ambayo unaipandisha kutoka 1.2 kwenda 2.0 kwa faili la mtengenezaji mwenyewe, Secure Boot zinayo, na bado zinakataliwa kwa sababu ya prosesa. Halafu kwenye ESU, wenzetu wa Ulaya wamepewa mwaka mzima bure. Sisi wengine tuchague: tulipe dola 30, au tutoe pointi 1,000 za Microsoft Rewards (zawadi za kutumia huduma zao), au tukubali mipangilio yetu ipelekwe OneDrive, hifadhi yao ya mtandaoni. Na hata ukilipa hizo dola 30 lazima uwe na akaunti ya Microsoft. Mashine ya kampuni iliyounganishwa kwenye domeni (mtandao wa ofisi unaosimamiwa kwa pamoja) hairuhusiwi kabisa kwenye mpango huo; kampuni inalipa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, kisha bei inajizidisha mara mbili kila mwaka, kwa miaka mitatu isiyozidi. Piga hesabu mwenyewe: 61, 122, 244, jumla dola 427 kwa laptopu moja iliyokwisha kuchoka.

Ila lawama za Microsoft hazimsafishi anayekuficha namba ya prosesa. Maana tofauti haiko kwenye viraka tu. i5-6300U na i5-7300U zina kori 2 (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi 4 (kazi zinazobebwa kwa wakati mmoja). i5-8250U na i5-8350U zina kori 4 na nyuzi 8. Zote zinaitwa "Core i5", zote zina stika ile ile ya bluu, lakini ukifungua Chrome yenye tabo kumi na tano, Excel na kikao cha Zoom kwa pamoja, ya kwanza inagonga asilimia 100 na feni inalia. Msidanganywe na jina la modeli pia. Watu wanakariri "840 G5 ni kizazi cha 8", kumbe baadhi ya G5 zilitoka kiwandani na i5-7300U. Soma tarakimu zinazofuata kistari: 8350U ni kizazi cha 8, 10210U ni cha 10. Zisome ndani ya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine), siyo kwenye stika. HP unagonga F10 wakati inawaka, Dell F2, ThinkPad F1. Na BIOS ikikuomba nenosiri ambalo muuzaji hana, aga salama uondoke.

Tukija kwenye leseni ndipo hasira inapanda kweli. Laptopu hizi zilitoka kwenye kampuni. Nyingi zina ufunguo halali wa Windows Pro uliochomwa ndani ya BIOS, na ukipiga Windows Pro safi ukaunganisha intaneti, inajiamsha yenyewe. Fundi hana habari, au hataki kuwa nayo. Anaweka kraki ya KMS, yaani programu ya wizi inayoigiza leseni ya makampuni. Fungua Command Prompt, andika slmgr /dli. Ukiona maneno VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptopu ya mtu binafsi, ujue umepigiwa kraki. Leseni ya aina hiyo inadumu siku 180, kisha inahitaji kuhuishwa, kwa hiyo kraki inaacha kazi ya siri inayojirudia ndani ya mashine. Ili antivairasi isiiguse, kraki nyingi zinajiandikisha kwenye Exclusions za Windows Security. Nenda kaangalie. Ukikuta folda imesamehewa ukaguzi na hukuiweka wewe, hapo unafanyia miamala ya benki na mlango wazi. Ufunguo halali unausoma kwa PowerShell:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ikikuletea herufi 25, ulikuwa na leseni yako muda wote na umewekewa kraki bure.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha humu. Tangu 24H2, ukipiga Windows upya kwenye mashine inayokubalika kisha ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inafungwa kwa usimbaji bila kuulizwa, na ufunguo wa kuifungulia wenye tarakimu 48 unahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika kuingilia. Sasa muuzaji anaingia kwa akaunti yake ya dukani, anakutengenezea jina lako pembeni, anakukabidhi. Miezi inapita. Siku fundi mwingine anagusa mpangilio wa Secure Boot, au BIOS inapandishwa toleo, kioo cha bluu kinatokea kudai tarakimu 48. Ziko kwa muuzaji, na muuzaji namba haipatikani. Picha za harusi, tasnifu, hesabu za duka, vyote vimefungwa humo na hakuna fundi wa kuvitoa, asikudanganye mtu. Kabla hujalipa fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status. Kama C: imesimbwa, andika manage-bde -protectors -get C: na unakili zile tarakimu kwenye karatasi. Bora zaidi, dai ipigwe upya mbele yako ukiingia kwa akaunti yako.

Kupigwa upya mbele yako kunafichua na janja nyingine: Autopilot. Kampuni za Ulaya husajili laptopu zao Microsoft kwa alama ya kipekee ya mashine, na wengine wanaziuza bila kuifuta. Ukipiga Windows na intaneti ikiwepo, ukurasa wa mwanzo unakukaribisha kwenye kampuni ya Mjerumani na kudai barua pepe ya kazini. Wauzaji wanalijua hili vizuri, ndiyo maana wanapiga Windows bila intaneti, wanabonyeza Shift na F10, wanaandika amri ya kuruka hatua ya mtandao. Unaondoka unacheka. Siku ukiirudisha mwanzo nyumbani kwako ukiwa na Wi-Fi, Mjerumani anarudi. Kubadili SSD hakusaidii, usajili umeshikamana na motherboard. Anayeweza kuufuta ni kampuni iliyousajili, na kampuni hiyo haikujui.

Betri sitaichelewesha: powercfg /batteryreport, fungua faili linalotokea, linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Chini ya asilimia 60 hiyo ni kompyuta ya mezani yenye kishikio. SSD nayo iangalie kwa CrystalDiskInfo. Ikionyesha saa sifuri za kazi kwenye laptopu ya mwaka 2016, basi imebadilishwa, uliza ni ya kampuni gani na uipime kwa H2testw, maana za bandia zinajitangaza GB 256 na zinabeba robo.

Sasa niwageukie maofisa manunuzi, msijifiche. Zabuni inaandikwa "laptopu 30, Core i5, RAM 8GB, SSD 256GB, Windows 11". Hakuna kizazi, hakuna toleo, hakuna hali ya betri. Wa bei ya chini anashinda kwa i5-6300U zilizopachikwa Windows 11, mzigo unafika, na kijana wa IT anaambiwa "wewe si ndiye mtaalamu, hakikisha zinafanya kazi". Mkaguzi akija kuuliza kwa nini mashine 30 hazina viraka, anayeitwa ni yule kijana na siyo aliyesaini. Maneno ya kuongeza hayazidi mstari mmoja: prosesa kizazi cha 8 au zaidi, TPM 2.0 imewashwa, UEFI (aina mpya ya BIOS), Windows 11 Pro 25H2 yenye leseni ya OEM (inayokuja na mashine yenyewe). Kwa nini hayaandikwi, wanajua wenyewe.

Na msiniambie "tutaongeza RAM mbele ya safari". ThinkPad X1 Carbon na T490s RAM imechomelewa, haiongezeki milele. T490 ina nafasi moja tu ya kuchomeka. T480 na 840 G5 zina mbili. Hata penye nafasi, bei za RAM zimepaa tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinakimbilia chipu za seva za AI. Micron walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaachana na Crucial, RAM na SSD zao za watu wa kawaida. Nunua yenye GB 16 tayari ukiipata.

Ambaye ameshauziwa za kizazi cha 6 au 7, usitupe. Kama hufungwi na programu ya Windows, weka Linux Mint 22: inataka RAM GB 2 kwa uchache, GB 4 ndiyo raha, na viraka vyake vinafika 2029. Kama una Tally (programu ya uhasibu) au programu nyingine ya Windows tu, rudi Windows 10 22H2 kwa ule ufunguo wa kwenye BIOS, kisha Settings, Windows Update, bofya kiungo cha kujiandikisha ESU. Ukiamua kubaki na Windows 11 ya mlango wa uani, basi kila mwaka itabidi uivushe kwa mkono: flashi mpya ya Rufus, fungua setup.exe ukiwa ndani ya Windows, chagua kubaki na mafaili yako. Nakili data zako nje kwanza. Na usidai msaada wa Microsoft ikikwama.

Wauzaji mtasema wateja hawaelewi mambo haya. Andikeni hivyo hivyo, wapo wa kuwasomea. Tangazo la haki lina urefu huu tu: "EliteBook 840 G3, i5-6300U, RAM 8GB moja kati ya nafasi mbili, SSD 256GB afya 91%, betri 70%, Windows 10 Pro leseni ya BIOS, haikubali Windows 11 rasmi, BIOS haina nenosiri, Autopilot imekaguliwa."