Wahandisi wa saiti, mnawezaje kumaliza kazi kwa wakati? Nakimbia kutwa na slabu bado inachelewa

MgeniWaSaiti
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mhandisi mhitimu, mwaka wa pili wa SEAP (mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu), niko saiti ya jengo la ghorofa nne hapa Dodoma. Nafika saa 12 na nusu asubuhi, natoka giza limeshaingia, kisha naandika ripoti hadi saa 6 usiku. Simu haipoi: fundi bomba anauliza tundu lipite wapi, fundi nondo anadai ringi (vyuma vilivyokunjwa vya kuzungushia nondo), stoo waya wa kufungia umeisha. Slabu (sakafu ya zege ya ghorofa) ya wiki iliyopita ilikuwa imwagwe Jumanne, tukaimwaga Ijumaa. Bosi anasema niongeze spidi. Niiongezee wapi, na sijakaa chini hata dakika kumi? Nimeshaambiwa "jitume" vya kutosha. Naomba mnieleze mlichokuwa mnakifanya kwa mikono yenu.

MzeeWaZege
Pole na kazi, mdogo wangu. Jumanne kugeuka Ijumaa imenikuta na mimi, nikiwa na umri kama wako. Mikisa inanguruma, vibarua wamejipanga na ndoo, zege la kwanza limeshachanganywa, ndipo msimamizi wa upande wa mhandisi mshauri (ofisi iliyochora ramani na kukagua kazi) akapanda na futi yake. Akainama pembeni ya bimu (boriti ya zege). Nondo za chini zilikuwa zimelalia mbao, hakuna hata biskuti moja (kile kipande cha saruji cha kuinua nondo ili zege lipite chini yake), na upande wa choo hatukuacha tundu la bomba. Akasimamisha kazi. Zege lile tulilimwaga chini, na vibarua wote wakalipwa siku ambayo hawakufanya kitu.

Tangu siku hiyo sikagui asubuhi ya kumwaga. Nakagua jana yake saa 10 jioni, jua likiwa limeinama, maana mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha nondo za chini. Nabeba futi, chaki na tochi. Naanzia kona ya A1, pale mistari A na 1 ya ramani inapokutana, siku zote na kuzunguka upande uleule, ili hata nikiitwa katikati nijue nilipoishia. Nachuchumaa, napitisha vidole chini ya nondo. Kama ramani imesema zipishane milimita 200, ndani ya mita moja lazima nihesabu nafasi tano. Nondo za juu kwenye bimu naziangalia mara mbili, kwa sababu watu wanazikanyaga wakipita na zinashuka bila mtu kutambua. Halafu mabomba, halafu nondo za nguzo za ghorofa inayofuata. Kosa naliandika kwa chaki palepale kwenye mbao. Zamani nilikuwa naandika kwenye daftari, lakini fundi hasomi daftari langu. Chaki anaiona, na giza linapoingia ameshamaliza kurekebisha.

Lingine ni hesabu za kichwani. Chukua kipenyo cha nondo kwa milimita, kizidishe chenyewe, gawanya kwa 162: unapata kilo za mita moja. Nondo ya 12 inakuja karibu kilo 0.89, kwa hiyo ya mita 12 ina kama kilo 10.7, na tani moja ni nondo 93 au 94. Lori likiingia unahesabu ukiwa umesimama hapohapo, husubiri mtu wa ofisini. Zege nalo ni hivyohivyo. Slabu ya mita 12 kwa 9, unene milimita 150, ni mita za ujazo 16.2. Kwa uwiano wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto) kila mita ya ujazo inakula kama mifuko 8 ya kilo 50, yaani mifuko 130, na ongeza kidogo ya kumwagika. Nenda stoo siku tatu kabla ukaihesabu kwa macho yako. Usikubali kuambiwa "ipo".

Sasa nijibu wewe: zile siku tatu zililiwa na nini hasa?

DadaRamani
Mimi niko upande wa pili, ofisi ya mhandisi mshauri. Nawaambia ukweli kutoka moyoni: swali linalokuja na picha yenye ukungu na maneno "hii bimu vipi?" nalikuta jioni nimechoka, na linalala. Kuna kijana mmoja aliniandikia hivi: "Ramani ya ghorofa ya pili, toleo C, bimu ya mhimili B kati ya 3 na 4. Bomba la mm 110 linakata katikati ya bimu. Napendekeza lipite chini yake, kimo kinabaki mita 2.6. Tunamwaga Alhamisi, naomba jibu kabla ya Jumatano saa 6 mchana." Nilimjibu ndani ya dakika kumi, kwa sababu kazi ya kufikiri alishaifanya, mimi nikabaki kuhakiki tu.

Na toleo la ramani, ndugu zangu! Liandike kwa kalamu nyekundu kwenye kila karatasi iliyoko saiti, la zamani lichane. Nimeona ngazi ikifungwa nondo zote kwa ramani iliyokwisha kubadilishwa.

FundiNondo_Changombe
Samahani waheshimiwa, mimi ni fundi nondo, miaka 14 sasa. Mhandisi akipita saa 11 jioni akaniuliza "fundi, kesho unahitaji nini?", nitamtajia waya, ringi, msumeno, vyote. Kesho yake simpigii simu. Wengi hawaulizi, wanasubiri tukwame.

MgeniWaSaiti
Asanteni sana wakuu. Mzee, nimekaa na daftari nikapiga hesabu. Siku moja na nusu tulisubiri jibu la nondo za ngazi, na kweli swali langu lilikuwa mstari mmoja na picha. Siku nzima ilikuwa biskuti, hatukuwa nazo. Nusu siku, waya. Kwenye kufunga nondo na kumwaga hatukupoteza hata saa moja. Fundi, leo jioni nimeshapita kwa mafundi wote kuuliza, wa bomba akanitajia vitu viwili ambavyo stoo havipo. Slabu inayofuata ni baada ya siku 12. Biskuti nianze lini?

MzeeWaZege
Kesho asubuhi. Tandika mchanganyiko wa saruji na mchanga kwenye mbao, unene uleule unaotakiwa kwenye ramani, kata vipande kwa mwiko ungali mbichi na uchomeke waya kila kipande. Keshokutwa vitumbukize kwenye pipa la maji vikae wiki nzima. Fyatua na vya nguzo, vyake havilingani unene na vya slabu. Swali la ngazi ya juu mwandikie mshauri usiku huu huu, kabla hujalala.