Ng'ombe wafupi kwa ekari moja na nusu Pongwe, wanafaa?

Mnazi_Pongwe: Wadau, nina ekari moja na nusu Pongwe, Tanga. Nyumba na minazi vimechukua nusu ekari, moja iliyobaki ni ya majani. Naona mtandaoni wale ng'ombe wafupi wa Ireland, Dexter, wanaokufika kiunoni. Nataka maziwa ya nyumbani na ya kuuza kidogo. Mmoja anakula kiasi gani?

KataMajani: Usipime kimo, pima uzito. Jike la Dexter linafika kilo 300 na zaidi. Zebu wetu wa pembe fupi mara nyingi hafiki 250, kwa hiyo ng'ombe mdogo yuko mnadani tayari. Shida yake ni maziwa: lita moja, mbili, basi.

Malisho ni kama asilimia 3 ya uzito, kwa chakula kikavu. Wa kilo 300 anataka kilo 9 kavu. Majani ya tembo mabichi ni maji karibu asilimia 80, basi kata kilo 45 kwa siku, au 35 ukimwongezea kilo 2 za pumba na mashudu ya nazi. Kata yakifika mita moja. Yakikomaa anakula jani anaacha shina, nawe ukiona hori limejaa unadhani ameshiba. Ekari moja yenye samadi inabeba mmoja na ndama wake. Weka wawili uone kiangazi cha Februari.

Mrija: Dexter ana lake jingine. Wengine wamebeba kinasaba cha ufupi. Ukipandisha wawili wenye nacho, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya ndama aliyeharibika umbo, na haishi.

Tafuta jike la zebu au chotara, umhimilishe, yaani apandishwe kwa mrija, kwa mbegu ya Jersey, ng'ombe mdogo wa maziwa. Ukiletewa ya Friesian, ambao ni wakubwa, kwa mtamba mdogo, kataa: ndama atakwama kwenye nyonga. Akisimama kupandwa na mwenzake asubuhi, yuko kwenye joto, ahimilishwe jioni; akisimama jioni, kesho asubuhi. Ukiona ute wenye damu umeshachelewa, hesabu siku 21 tangu aliposimama, ungoje joto lijalo.

Mnazi_Pongwe: Atakuwa peke yake, nani atampanda?

Mrija: Basi tazama ute mwangavu unaovutika kama uzi, kulia ovyo na maziwa kupungua ghafla. Mtazame alfajiri na usiku, saa za baridi.

Kupe_Hapiti: Mmesahau ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, nayo ndiyo inayomaliza ndama huku. Chanjo ni mara moja, pamoja na sindano ya antibiotiki ya oksitetrasaiklini siku hiyohiyo. Mrija mmoja wa chanjo kwa kawaida hutosha ng'ombe 40, na ukishayeyushwa haurudi kwenye mtungi wa kugandishia, kwa hiyo jikusanyeni na majirani kwanza ndipo mumwite mtaalamu. Kuogesha kwa dawa ya kupe kunaendelea kila wiki, maana chanjo hiyo haizuii ndigana baridi wala maji moyo, magonjwa mengine ya kupe. Pampu ifike ndani ya masikio na chini ya mkia. Wengi wanalowesha mgongo tu, kupe wanacheka.