Kila baridi ikiingia suruali zinanikataa. Wenzangu mnafanyaje?

SufuNyekundu

Wakuu, salaam. Muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu, leo yamenifika shingoni.

Hii ni baridi yangu ya nne tangu nihamie nchi yenye theluji, na kila mwaka hadithi ni ileile. Kiangazi natembea, nasahau kabisa kama kuna kitu kinaitwa uzito. Majani yakianza kupukutika, na mimi naanza kujaa. Mwezi wa kumi mzani ulisoma 71.4. Jana asubuhi, hata maji sijanywa, 74.9. Kilo tatu na nusu, na baridi haijaisha. Hizo kilo ningezivumilia kama zingeondoka zote. Msimu ukigeuka zinaondoka mbili, mbili na nusu, nyingine inabaki. Pigeni hesabu ya miaka minne.

Mtaniuliza nakula nini. Nakula kama kawaida, naapa. (Haya, jioni kuna chai na biskuti. Biskuti kadhaa.) Nafanya uhasibu, na tangu mwaka juzi tumeruhusiwa kufanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki. Kutoka kitandani hadi mezani kwangu ni hatua 11, nimezihesabu. Jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, saa kumi jioni giza totoro. Nikifunga kompyuta nje kuna barafu inayoteleza, na blanketi liko pale kwenye kochi linaniita kwa jina.

Jimu nimeshajaribu. Nililipa mwaka mzima, nikaenda mara sita. Mazoezi yenyewe sikuyachukia. Kilichonishinda ni kuvaa koti na buti, kufika, kuvua vyote, kutoka jasho, kuoga, kuvaa vyote tena, kisha kutoka na nywele mbichi kwenye baridi. Naomba msinirudishe huko.

Mtu wa aina yangu anapitaje miezi hii bila kufura? Nataka mnachofanya ninyi wenyewe, ya kwenye mabango nimeyasoma.

Kijasho

Dada, zima hita, lala bila blanketi. Baridi yenyewe inachoma mafuta kwa sababu mwili unapambana kujipasha moto. Tena bure.

FundiLifti

Dada Sufu, pole. Kijasho nawaachia wataalamu wamshughulikie.

Mimi ni fundi wa lifti, mwaka wa 19 huu. Kazi yangu ni kuhakikisha watu hawapandi ngazi, na kitambi changu kilikuwa ushahidi kwamba kazi naiweza. Nacho kilikuwa kinakuja na baridi, kama chako. Nilidhani ni chakula. Nilipojichunguza nikaona kiangazi naegesha gari mbali nikitafuta kivuli, wakati wa baridi naegesha mlangoni. Kiangazi tunapiga soga na wenzangu tumesimama, baridi ikija tunakula tumekaa garini injini ikinguruma. Kiangazi nikisahau kifaa nakirudia, baridi nampigia simu kijana aniletee. Hakuna hata kimoja hapo ningekiita mazoezi, kwa hiyo vilipotoweka sikujua kama nimepoteza kitu.

Baridi ya mwaka juzi mota ya lifti iliungua kwenye jengo moja la ghorofa tisa, na kipuri kikachelewa siku 11. Nilitukanwa hadi nikazoea. Ghorofa ya juu kabisa alikaa mzee mmoja wa miaka sabini na kitu. Siku ya kwanza alitoa kiti cha mbao akakiweka ghorofa ya tano, pale ngazi zinapokata kona. Nikawa nikipita na begi la vifaa namkuta amekaa, mikono magotini, ananitazama kama mimi ndiye niliyeiua lifti. Siku ya nne nikamkuta amesimama, ameshika tu egemeo la kiti. Siku ya tisa nikapita, yeye hayupo, na juu ya kiti kuna chungu cha ua.

Nilikaa palepale kwenye ngazi, mimi ndiye niliyekuwa nahema, nikalitazama lile ua.

Tangu siku hiyo kwenda chumba cha mashine, ambacho kwenye majengo mengi ninayohudumia kiko juu kabisa, napanda kwa miguu. Kushuka nashuka na lifti, maana kushuka ndiko kunakoniumiza magoti, na isitoshe lazima niijaribu. Ila nisikudanganye kuhusu ngazi. Kwa kilo zangu 84, ghorofa tisa, yaani kama mita 25 kwenda juu, zinachoma kalori 20 hadi 25 hivi. Biskuti moja inakushinda. Anayepanda ngazi ili ajilipe kwa keki ameliwa. Nilichopata mimi ni pumzi na mapaja, na ukiwa na pumzi huogopi kutoka nje.

Sasa hesabu yako, kwa kuwa wewe ni mhasibu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni karibu kalori 7,700. Kilo zako tatu na nusu ni kama 27,000. Zigawanye kwa siku 120 tangu mwezi wa kumi, unapata 225 kwa siku. Huenda sehemu ni maji tu, lakini tuseme ni hizo. Kwa mtu wa uzito wako ni karibu saa moja ya kutembea kwa mwendo wa mtu anayewahi basi. Kabla hujazilaumu biskuti fungua simu yako, tazama wastani wa hatua za mwezi wa saba, halafu tazama za mwezi uliopita. Rudi utuambie.

SufuNyekundu

Nimerudi. Mwezi wa saba: 8,900 kwa siku. Mwezi uliopita: 2,700.

Nimekaa chini.

FundiLifti

Umekaa tena! Simama kwanza.

Hatua 6,200 kwa mguu wa wastani ni kilomita nne na ushee, kama saa moja. Ile 225 umeipata. Biskuti nazo hazijaachiwa huru, lakini mshtakiwa wa kwanza ni hizo hatua.

Usijaribu kuzirudisha zote kwa mkupuo usiku, hutaweza, kuna giza na blanketi. Ukifanyia kazi nyumbani ulichopoteza ni safari, basi irudishe safari. Ukishajiandaa asubuhi toka nje, zunguka mtaa dakika 15, ingia ndani, hapo ndipo umefika kazini. Mchana, saa sita au saa saba, toka tena kabla hujala, maana ndiyo saa pekee yenye jua. Simu za kazi zipokee umesimama unatembea chumbani. Dakika 15, dakika 20, dakika 10, na siku ya kwenda ofisini shuka kituo kimoja kabla.

Nguo ndipo wengi wanapokosea. Inayogusa ngozi isiwe ya pamba. Pamba inanyonya jasho na kukaa nalo, ukisimama dakika mbili unaganda. Vaa sufu nyembamba au poliesta, juu yake kitu cha joto, juu kabisa kizuia upepo. Ukitoka mlangoni na husikii baridi hata kidogo, umevaa kupita kiasi, baada ya dakika kumi utakuwa umelowa. Kwenye barafu piga hatua fupi, unyayo wote uguse chini kwa pamoja, na mikono itoe mfukoni, uivalishe glavu. Mwenye mikono mfukoni huanguka kama gunia. Kuna vile vya mpira vyenye meno ya chuma vya kuvalisha juu ya buti, vinaokoa nyonga za watu.

La mwisho. Umesema kuvaa buti na koti ndiko kulikokufukuza jimu. Huo uvivu ni mali, dada, utumie. Biskuti zisikae nyumbani, ziweke kwenye buti la gari. Ukizitamani, vaa ukazifuate.

SufuNyekundu

Hilo la mwisho ni ukatili, kaka. Nitalifikiria.

Maswali mawili. Nina pumu kidogo, hewa ya baridi inanibana kifua, nifanyeje? Na ile hamu ya vitu vitamu jioni mbona kiangazi siisikii? Kiangazi biskuti hukaa hadi zinalegea.

NesiWaZamu

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye zamu ya usiku. Naanza na Kijasho.

Ni kweli watu wazima tuna mafuta ya kahawia, yale yanayounguzwa ili kutoa joto. Zamani ilidhaniwa ni ya watoto wachanga tu, hadi tafiti za mwaka 2009 zilipoonyesha wakubwa nao wanayo. Kutetemeka nako kunatumia nguvu. Lakini nani anakaa anatetemeka? Tunavaa, tunawasha hita, na tukishapoa sana tunakuja na njaa. Usilale bila blanketi. Usingizi mbovu nao huongeza njaa ya kesho yake.

Dada Sufu, hiyo kilo inayobaki haiko kwako tu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliwapima watu wazima 195. Kipindi cha sikukuu za mwisho wa mwaka waliongezeka wastani wa kilo 0.37 tu, kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ubaya ni kwamba kiangazi kilipofika ongezeko la msimu wa baridi halikuondoka. Ndiyo maana mimi huwaambia watu wasiweke lengo la kupungua wakati wa baridi. Kutoongezeka kunatosha. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, ukishatoka msalani. Mzani ukipanda kilo moja usiku mmoja, ni maji na chumvi.

Kuhusu vipande vya Fundi, yuko sahihi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Mwongozo wake wa 2010 ulidai kila kipande kifike dakika 10, ule wa 2020 ukaondoa sharti hilo. Hata dakika tatu za kuchuchumaa na kusimama wakati maji yanachemka zinahesabika, na hizo ndizo Fundi alizosahau. Misuli, Fundi! Wewe begi lako linakusaidia, mwenzio anabeba kalamu.

Pumu: hewa baridi ni kavu, ndiyo inayoichokoza njia ya hewa. Funga skafu puani na mdomoni ili uvute hewa iliyokwisha kupata joto na unyevu, pumua kwa pua, anza polepole ndani ya nyumba kabla ya kutoka, na dawa yako ya kuvuta iwe mfuko wa ndani, si wa nje ikaganda. Ukiona unaitumia kuliko kawaida, nenda kwa daktari wako mkabadilishe mpango. Na wenye presha au moyo mnaosoma kimyakimya: baridi inabana mishipa na presha inapanda, hivyo kuzoa theluji kwa koleo kwa pupa asubuhi si mazoezi ya kuanzia.

Hamu ya utamu: kuna watu ambao upungufu wa mwanga unawashusha kabisa, wanalala sana, wanatamani wanga na sukari, wanajitenga. Ni hali inayotambulika kitabibu tangu miaka ya 1980, na mojawapo ya tiba zake ni taa maalumu ya lux 10,000, kama nusu saa kila asubuhi. Sisemi ndiyo yako. Lakini kama pamoja na biskuti huna raha ya kitu chochote kwa wiki kadhaa, usijilaumu kuwa mvivu, nenda ukaonwe. Kama ni hamu tu, lile zunguko lako la mchana lenye jua litakusaidia kuliko la usiku.

Kijasho

Nimezima hita siku mbili. Nimeamka saa nane usiku nikala chakula cha kesho.

SufuNyekundu

Wiki tatu zimepita, narudi kama nilivyoahidi moyoni.

Mzani: 74.4. Najua, nusu kilo inaweza kuwa maji, Nesi usiniambie. Hatua: 6,300 kwa siku. Asubuhi naruka siku moja au mbili kwa wiki, mchana sijaruka hata mara moja, nimegundua napenda kuona jua hata likiwa halina joto. Skafu imesaidia. Nachuchumaa maji yakichemka, na juzi maji yalichemka hadi yakakauka kwa sababu nilikuwa nahesabu.

Biskuti ziko kwenye buti la gari tangu wiki ya kwanza. Nakaa ghorofa ya tatu. Jumanne usiku nilizitamani kufa. Nikavaa soksi za sufu, buti, koti, kofia, skafu, nikashuka. Nikala moja nimesimama kwenye theluji, ngumu kama kigae, sikusikia hata ladha. Halafu kwa kuwa nilikuwa nimeshavaa, nikazunguka mtaa.